Kabla ya kutoa kamera: ushauri kwa anayepima shule za zamani Lubumbashi

Siku hizi kila mteja anataka ziara ya mtandaoni. Shule inapanga kuvunja jengo moja na kuongeza ghorofa kwenye lingine, wafadhili wako Kinshasa au Ulaya, basi wanaomba picha za nyuzi 360 ili wapite madarasani bila kupanda ndege. Kazi nzuri, na inalipa. Shida ni kwamba vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii wanakuja na kamera peke yake. Baadaye msanifu anawauliza ukuta wa katikati una unene gani, na hakuna wa kujibu.

Kamera ya aina hiyo ina lenzi mbili, na programu ndiyo inaunga picha zake kuwa moja. Kuta zilizonyooka hupinda, chumba kidogo huonekana kama ukumbi. Inaonyesha mengi, lakini usiichukulie kipimo. Kwa hiyo chora ramani kwanza. Pima kila chumba pande zote, kisha pembe kwa pembe, njia zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana ujue chumba kimekaa mshazari, na katika shule za zamani vingi viko hivyo. Unene wa ukuta upime mlangoni. Kimo cha dirisha kipime kutoka sakafuni. Kipimo cha leza kinafaa sana ndani, ila nje kwenye jua la saa sita nukta yake nyekundu huioni, unarudi kwenye dekametri ya utepe na mtu wa kukushikia upande wa pili. Mtu huyo akiwa sentineli, yaani mlinzi wa shule, mlipe vizuri. Anajua bomba la maji limepita wapi kuliko karatasi yoyote utakayopewa ofisini.

Hapa nitakaa kidogo. Lubumbashi ilianzishwa 1910, Wasalesiani, shirika la mapadri Wakatoliki, wakafika mwaka uliofuata, na tangu hapo shule za mji huu zimejengwa kipande kwa kipande: darasa mbili leo, nyumba ya mapadri kesho, maabara baada ya miaka ishirini. Kwa macho unaona jengo moja refu la matofali. Angalia matofali yenyewe. Mahali ambapo ukubwa wao unabadilika, au ambapo kuna mstari uliosimama wima kutoka chini hadi kwenye paa, ndipo jengo jipya lilipoungwa na la zamani. Kila upande una msingi wake, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Anayepanga kuongeza ghorofa akikosa habari hiyo anabeba hatari kubwa, na hakuna ziara ya mtandaoni itakayomwonyesha usipoweka alama wewe. Kama shule ilikuwa ya kampuni tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi iliyotaifishwa mwaka 1967, ulizia michoro ya zamani. Kama ni ya misheni, uliza kwa mapadri au masista. Ukiipata, shukuru, kisha pima upya vilevile.

Wakati mzuri wa kufanya kazi ni likizo ya Julai na Agosti. Mvua hakuna, vyumba viko wazi. Lakini kiangazi kinaficha maradhi ya paa. Usitafute maji, tafuta alama zake: madoa ya kahawia kwenye dari, rangi iliyochanika juu ya madirisha, mbao zilizolainika pembeni mwa ukuta, njia za mchwa. Kila doa lipige picha ya karibu. Halafu kuna jua: katika miezi hiyo linapita upande wa kaskazini, ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini karibu siku nzima. Kwa picha za nje hilo ni jambo la kupanga, si la kubahatisha.

Ukikuta paa la mabati ya kijivu ya saruji, ya miaka ya 1950 hivi, lichukulie kuwa lina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, mpaka maabara iseme vingine. Usilipande, usilitoboe, usivunje kipande cha kwenda kuonyesha. Lipake rangi yake ya pekee kwenye ramani, kwa sababu kuliondoa kunabadilisha bei yote ya ubomoaji.

Upigaji wenyewe si mgumu. Kamera iwe kwenye miguu mitatu, kimo cha macho ya mtu, kituo kimoja kila chumba na kimoja kila mlangoni ili mtazamaji asiruke ukuta. Vitu viwe mbali na mshono wa lenzi, pale picha mbili zinapoungwa, mita moja hivi. Kila kituo piga picha kadhaa, kamera ikiingiza mwanga mdogo, wa kati na mwingi, kisha uziunganishe, la sivyo madirisha yatakuwa meupe matupu. Kabla ya yote, andika kwa chaki namba ya chumba kwenye ubao, ileile iliyo kwenye ramani. Majina ya vyumba hubadilika kila prefe (mkuu wa shule) mpya anapokuja.

Droni usiirushe bila karatasi ya ruhusa mkononi, hata kama mteja anakuambia «hakuna shida, papa».

Kuna jambo ambalo picha za likizo zinadanganya. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa mengi yalijaa kupita kiasi, ila Agosti unaona chumba kikubwa kilichotulia. Rudi siku ya masomo bila kamera. Hesabu watoto kwa kila darasa, angalia foleni ya choo wakati wa mapumziko, angalia mama wanaouza mikate wamekaa wapi getini. Andika hizo namba ndani ya ziara, chumba kwa chumba. Sura za watoto ziachwe.

Kwenye kukabidhi, kumbuka mega, yaani data ya intaneti, zinagharimu. Komite ya wazazi haitafungua ziara nzito kwenye simu zao, na wao ndio watakaobishana na mfadhili. Watengenezee toleo jepesi, picha chache zilizopunguzwa, pamoja na ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa ya kutundika ofisini kwa prefe. Faili kamili, pamoja na vipimo vyote ulivyoandika kwa mkono, ziache shuleni kwenye flashi mbili, na uandike hilo kwenye mkataba kabla ya kupokea avansi.