Peleti za sato hazianikwi kwenye mabati

Wiki iliyopita nilipita kwenye matangi ya vijana wetu wa fildi, huku Ilemela. Saa saba mchana, peleti za sato, vile vidonge vya chakula chao, zimetandazwa juu ya mabati, na aliyezianika ananiambia kwa furaha: "Shikamoo dada! Tumetia vitamini C, mwezi ujao tunaanza jaribio la saipamethrini, tuone kama chakula hiki kinawakinga samaki na hiyo dawa ya wadudu wa mashambani." Nikaitikia marahaba, kisha nikatafuta pa kukaa.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tulishalilipia.

1. Chakula cha kinga hakianikwi juani. Mwaka wangu wa pili kazini nilifanya hivyo hivyo. Nilichanganya dagaa, pumba na mashudu ya alizeti, nikamimina vitamini C ya kawaida, ile isiyofungwa na fosfeti ya kuikinga isiharibike, kwenye uji wa muhogo ukiwa bado wa moto. Nikaanika siku mbili. Vifaranga vikachelewa, kiroba kikakaa stoo miezi mitatu. Joto, hewa, muda: kila kimoja huimaliza vitamini hiyo, na mimi niliviruhusu vyote vitatu. Sato hajitengenezei vitamini C mwilini. Anaipata kwa kula tu. Saipamethrini ilipoingia, waliokula chakula changu na wale wa kundi la kulinganishia walianza kuyumba pamoja, wakapanda juu kuhema, wakalala ubavu. Nilikaa na tochi hadi alfajiri nikihesabu. Lakini kilichoniuma zaidi ni ripoti. Niliandika kwamba vitamini C haisaidii, bila kupima kama ilibaki hata kidogo ndani ya peleti. Mfugaji mmoja mwenye bwawa chini ya shamba la nyanya akaniamini, akaacha kununua chakula chenye vitamini. Baada ya mwaka nilimrudia kumwambia nilikosea. Alinikaribisha chai vizuri tu. Bwawa alikuwa ameshaligeuza bustani ya mchicha.

Basi: vitamini C iliyofungwa na fosfeti, kivulini, lisha mapema, pima kabla ya jaribio.

2. Anzeni wiki kadhaa kabla ya sumu. Vitamini C, E na seleniamu hupunguza uharibifu wa oksidisho, yaani wa seli kushambuliwa na kemikali za oksijeni, kwenye ini na matamvua, hazifuti dawa majini. Dozi kubwa ya sumu inamuua aliyeshiba sawa na mwenye njaa.

3. Nuseni dagaa. Aliyenyeshewa mchangani hadi mafuta yakaharibika anamaliza vitamini E ile ile mnayoitegemea. Mama mmoja muuzaji pale mwaloni alinifundisha kumvunja dagaa kichwa na kunusa kabla ya kutoa hela, na akanikatalia kununua gunia nililokuwa nimeshalishika. Tangu siku hiyo sinunui kwa mtu mwingine. Pumba yenye ukungu nayo iacheni: sumukuvu inapiga ini, na ini ndilo linalovunja dawa. Mashudu ya pamba ni rahisi huku kwetu, najua, ila yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba.

4. Aliyepona sumu si lazima afae mezani. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa letu hili la Victoria kwa hofu ya sumu za kuvulia. Pimeni mabaki kwenye minofu, hata kundi lenu likinawiri.

Na wewe wa mabati: peleti zako nimezihamishia nyuma ya stoo, kwenye kivuli cha mwembe. Kesho asubuhi chota gramu 100, funga zisipate mwanga, tuzipeleke maabara tuone kilichobaki.