Barua kwa mwanangu: gusa kwanza ukuta wa magharibi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi nikiwa na miwani. Unauliza: "Mama, kazi yangu naweza kuifanyia popote penye intaneti. Mji wa bondeni kodi ya nyumba ni nusu ya mji wa mlimani, ila joto lake nasikia si la kawaida. Niende wapi?" Kisha ukaniwekea jedwali: kodi, nauli, maji, umeme, na chini kabisa ukaandika "hali ya hewa", mbele yake alama ya kuuliza.

Kosa liko kwenye huo mstari wa mwisho. Umeuweka peke yake huko chini kama kitu cha anasa, sawa na rangi ya mapazia. Hali ya hewa haina mstari wake. Inajificha ndani ya mistari mingine yote, hasa ule wa umeme, na inachukua pia vitu ambavyo hukuviandika kabisa, kama usingizi.

Nikueleze nyumba ya kwanza tuliyopanga mimi na baba yako, ambayo wewe huikumbuki kwa kuwa ulikuwa bado unanyonya. Tuliipendea kitu kimoja tu, urahisi wake. Ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, paa la zege linalochomwa na jua kutwa, chumba cha kulala kinatazama machweo. Tulikwenda kuiangalia saa tatu asubuhi, upepo unapita, nikamnong'oneza baba yako kwamba mwenye nyumba hajui thamani ya mali yake. Kumbe alijua sana. Usiku wa kwanza, saa tano, niliegemea ukuta ili nivue viatu, nikautoa mgongo haraka. Ukuta ulikuwa wa moto kama paji la mtoto mwenye homa. Zege hunywa jua mchana kucha, halafu huanza kulitema pale mnapopanda kitandani. Tukahamia sakafuni kwenye vigae, wewe katikati, shingo imejaa vipele vya joto, baba yako anakupepea kwa jalada la daftari. Ukimuuliza leo atasema natia chumvi. Muulize basi kwa nini bega lake la kulia lilimuuma mwaka mzima.

Mwezi wa pili tukanunua feni. Mwezi wa nne, feni ya pili. Kabla mwaka haujaisha tukanunua kiyoyozi, na ile nafuu ya kodi yote ikahamia kwenye mita.

Chukua kalamu. Feni ya kawaida inakula wati 60 hivi. Iwashe saa 10 kila usiku kwa siku 30, hizo ni uniti 18. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, injini yake ikinguruma, kinavuta karibu wati 1,000. Kwa saa zilezile 10, hata tukisema injini inapumzika nusu ya muda, ni uniti 150. Na huo ni usiku peke yake. Wenzako wanaokwenda ofisini wanapozwa mchana kwa pesa ya mwajiri. Wewe mwajiri wako hajui hata chumba chako kina madirisha mangapi. Kwa hiyo weka na saa za mchana, zidisha kwa bei ya uniti ya huko, ujumlishe kwenye kodi, halafu ndipo uilinganishe miji. Na ujue kwamba chini ya bati tupu au zege lililochomwa na jua, injini haipumziki hiyo nusu niliyokukadiria.

Sasa joto lenyewe. Umeniandikia kwamba bondeni mchana ni nyuzi 32 tu, na kwamba rafiki yako anaishi penye nyuzi 38 na hana malalamiko. Huyo rafiki yuko kwenye joto kavu. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka, na hewa ikishashiba maji halina pa kwenda, linabaki kutiririka mgongoni. Kwenye jedwali wanalotumia watabiri wa hali ya hewa wa Marekani, nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 mwili huzihisi kama 33 hivi. Nyuzi hizohizo 32 zikiwa na unyevu wa asilimia 80 huhisiwa kama 45, tena ukiwa kivulini. Fukuto ndilo linalochosha watu. Hata kiyoyozi hakikuzaliwa kwa ajili ya joto: mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wake mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu ulikuwa unavimbisha karatasi na rangi hazikai mahali pake. Watu walikuja kupozwa baadaye, baada ya karatasi.

Ila usichukue unyevu wa alfajiri ukaupachika kwenye joto la saa nane mchana, maana hapo utajitisha bure. Asilimia hupanda usiku hewa inapopoa na kushuka mchana inapopata moto. Tafuta kipimo kinachoitwa kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo maji yake huanza kugeuka umande; hicho hakiyumbi sana kutwa. Kikiwa chini ya nyuzi 16, utaishi kwa raha. Kikivuka 21 utaanza kuisikia hewa inavyokuganda, na kikifika 24 hata kukunja nguo ni kazi ya kutoa jasho. Kiangalie mwezi kwa mwezi. Wastani wa mwaka unaficha mengi, na huo unaousoma kwa kawaida ni wa miaka 30 iliyopita, nawe unakwenda kuishi miaka inayokuja.

Kingine ambacho watu hawaulizi ni usiku kuna nyuzi ngapi. Wanauliza mchana kwa sababu mchana ndio unaoonekana. Mapema karne ya 19 Mwingereza mmoja, Luke Howard, alikuwa akipima joto London na nje yake, akakuta kwamba mchana mji na mashamba karibu vilikuwa sawa, lakini usiku mji ulikuwa na joto zaidi kwa karibu nyuzi 2 za Selsiasi. Sababu yake ni ileile ya ukuta wetu. Mwili nao, ili ulale, lazima ushushe joto lake kidogo. Ukiunyima nafasi hiyo utalala usingizi wa mang'amung'amu, uamke umechoka, ukae mbele ya kompyuta hadi saa nne ukitazama mstari mmoja. Miaka ile nilikuwa nasahihisha kazi za watu kwa malipo ya ukurasa, na ninakumbuka vizuri kurasa zilivyopungua. Hasara ile haikuwa kwenye bili yoyote.

Hewa ya usiku ni bure kwa mtu anayeweza kufungua dirisha. Kama mbu ni wengi na dirisha halina wavu, au mtaa ni wa wizi, au chini kuna baa, hiyo hewa umeinunua kwa kitu kingine. Julai 1995 joto kali liliupiga mji wa Chicago, ambao dunia inaujua kwa baridi, wakafa watu zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao bila viyoyozi, na wapo waliojifungia madirisha kwa kuogopa wahalifu. Sikutishi, wewe ni kijana na una afya. Ila mimi nikiona picha ya chumba, kwanza naangalia dirisha.

Na hizo picha ulizonitumia nimeziangalia. Ile nyumba ya bondeni unayoisifia ina bati jekundu, na sijaona dari. Upenu ni mfupi kama ukingo wa kofia. Dirisha la chumbani ni moja, la vioo vya kusukuma, yaani nusu yake haifunguki maisha, na ukuta wa upande wa pili hauna hata tundu. Upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Mwanangu, hiyo ndiyo nyumba yetu ya zamani, imepakwa rangi tu.

Unajua tulivyotoka pale? Hatukuhama mji. Tulihama mtaa, tukaongeza kodi kiasi cha moja ya tano, tukapata nyumba ya chini yenye dari, upenu wa kukaa watu wawili na viti vyao, madirisha yanayotazamana, na mti mkubwa upande wa magharibi ambao mwenye nyumba alikuwa akitulalamikia majani yake kama vile tuliupanda sisi. Mji haukupungua hata nyuzi moja. Kiyoyozi tuliuza mwaka uliofuata kwa sababu kilikuwa kinakusanya vumbi, feni ikatutosha, na wewe vipele vikakutoka. Niliona uchungu wa kiyoyozi kile kuliko wa kodi zote za nyumba ya kwanza.

Mlimani napo usidhani hewa ni ya bure. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa wastani nyuzi 6.5, kwa hiyo kama bondeni ni karibu na usawa wa bahari, joto la mji wako wa mita 2,000 litakuwa pungufu ya la bondeni kwa nyuzi 13 hivi. Mchana ni raha tupu. Lakini tulipokaa milimani, msimu wa mvua wa kwanza nilifungua kabati nikakuta koti la baba yako limeota koga kijani mabegani, na ukuta wa nyuma ya kabati unatoa jasho. Maji ya kuoga lazima yapashwe, na kipasha maji cha bafuni kinavuta zaidi ya wati 3,000, ingawa kwa dakika chache. Maji yenyewe kwenye mita 2,000 huchemka yakiwa nyuzi 93 hivi, kwa hiyo sufuria linakaa motoni muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isishuke chini ya nyuzi 18 msimu wa baridi, na nyumba ya mlimani isiyojengwa kwa baridi hushuka chini ya hapo kila alfajiri. Kifua chako cha utotoni mimi ndiye niliyekilea, nakijua.

Hata hivyo baridi ya wastani ina ungwana fulani. Blanketi unalinunua mara moja, na nguo unaongeza. Kwenye fukuto ukishavua shati umefika mwisho. Mahali penye theluji na mabomba yanayoganda ni hesabu nyingine, maana kutoa nyumba kwenye sifuri hadi nyuzi 20 ni kazi mara mbili ya kuitoa kwenye 35 hadi 25. Huko hatujafika, tuache.

Kama unanilazimisha nijibu, basi nenda bondeni, ila si kwenye hiyo nyumba. Chukua ile ya tatu kwenye orodha yako, ambayo umeiandikia "ghali kidogo" ukaipita. Ina dari, ina madirisha pande mbili, na bado iko chini ya kodi ya mlimani kwa mbali. Tofauti ile ya kodi ndiyo bei ya kulala, na utaifidia kwenye mita. Ukienda kuiangalia na kukuta picha zimedanganya, rudi tupige hesabu ya mlimani upya, pamoja na koga.

Lakini usisaini chochote kabla ya mwezi wao mbaya. Waulize majirani, si dalali, ni mwezi gani watu hutoa magodoro nje. Nenda mwezi huo, omba kulala hapo siku mbili, hata kwa kulipia. Usiku wa kwanza utakuwa umechoka na safari, utalala popote, usiuhesabu. Usiku wa pili amka saa nane, uzime feni, uweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi na ukiache hapo kidogo. Kisha nipigie, hata kama ni usiku huo huo. Simu nitaiweka kando ya mto.

Mama yako