Cherehani umeiuza, sasa unataka na nyumba iende?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto watatu, tunaishi Morogoro. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, njia ya Tunduma. Tangu nilipookoka kwa kumaanisha, Mungu amekuwa akisema nami. Kwenye mkesha aliniambia niache ushonaji nimtumikie. Nikatii, cherehani nikaiuza, pesa nikapeleka madhabahuni. Mtumishi akathibitisha kwamba ni Bwana. Sasa nimeambiwa tuuze nyumba, tukapange karibu na kanisa, na pesa iwe mbegu. Mume wangu amegoma kusaini. Ni mtu wa mwilini, anaenda kanisa la baba yake Jumapili mojamoja. Ananikejeli, eti, "Huyo Mungu namba yangu hana?" Wateja nao wananisumbua kwa simu, mama mkwe ndiyo usiseme. Biblia inasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Nitii, au niokoe ndoa?*

Marahaba, mwanangu. Kiu yako ya Mungu naiona, na siibezi. Mungu husema na watu wake, hilo naliamini kwa moyo wote, na ndiyo sababu barua yako imeniuma. Amri inayokataza kulitaja bure jina la Bwana haihusu viapo vya sokoni tu. Inamhusu pia mtu anayechukua matakwa yake na kuyagonga muhuri wa Mungu ili asiulizwe.

Nianze na maneno uliyoyapitia mbio: "wateja wananisumbua." Wanaokusumbua ni akina nani? Ni kina mama waliokuletea vitambaa vya sare. Mafundi nawajua. Kitambaa kimeshakatwa, kimekunjwa ndani ya salfeti, juu yake kipande cha karatasi kimebanwa kwa pini: jina la mtoto, kiuno, urefu wa sketi, na chini kabisa "kianzio amelipa". Cherehani imeuzwa, salfeti iko wapi? Vianzio umerudisha? Barua yako yote haina hata mstari mmoja juu ya hilo. Mtoto wa mwenzako anasimamishwa paredi kwa kukosa sare, wewe unaniambia mama yake anakusumbua. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na mmoja wa waliotajwa ni yule aliyeapa kwa hasara yake wala habadili maneno. Hiyo ni sauti ya Mungu, tena imeandikwa, haihitaji mkesha wala mtu wa kuithibitisha.

Halafu hebu itazame hiyo sauti yako inavyokwenda. Ushonaji ulikuwa umekuchosha, ikakuambia uache. Mama mkwe humpatani, ikakuambia uhame. Kule kanisani wanakuita mama mtumishi, ikakuambia ukapange jirani nao. Haijakuambia hata siku moja ukakae na mama mkwe mzungumze, wala umwombe mumeo radhi. Samweli alipoisikia sauti usiku kule Shilo, ujumbe wa kwanza aliopewa ulikuwa mzito hata akaogopa kumwambia Eli kulipokucha. Sauti ambayo kila ikija inakupa ulichokuwa unakitaka tayari, mwanangu, ichunguze sana.

Sasa huyu mumeo, uliyemwita mtu wa mwilini. Mimi nasimama upande wake, na sifichi. Anakesha na usukani hadi Tunduma na kurudi ili watoto wale, akifika nyumbani anakuta cherehani haipo. Hujaniambia kwamba ulimshirikisha kabla ya kuiuza, na naamini ungekuwa umemshirikisha ungeandika. Hujasema pia iliuzwa shilingi ngapi. Yeye anajua? Mficha uchi hazai. Na sahihi anayokunyima ana haki nayo hata mbele ya serikali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Lile swali lake unaloliita kejeli ndilo swali la maana kuliko yote kwenye barua yako. Fungua Waamuzi 13. Malaika wa Bwana alimtokea mke wa Manoa, siyo Manoa. Yule mama hakwenda kuuza kitu. Alikwenda kwa mumewe akamweleza yote. Manoa akamwomba Mungu amtume tena yule mtu, awafundishe wote wawili. Na Mungu akasikia! Malaika akarudi, akamkuta mama yuko shambani peke yake, naye akakimbia upesi kumwita mumewe, na Manoa alipouliza akajibiwa. Hakuitwa mtu wa mwilini kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga, na Mungu wa kweli hatishwi na swali la mume. Mama yule alikuwa amesikia sawasawa, na bado alikimbia kumwita mwenzake.

Kuhusu mtumishi sitasema mengi, simjui. Ila anayethibitisha na anayepokea ni mtu yule yule, na hilo peke yake lingetosha kukufanya usite. Katika 1 Wafalme 13 kuna nabii mzee wa Betheli aliyemwambia mtu wa Mungu kwamba malaika amesema naye. Ulikuwa uongo. Yule mtu aliamini, akaacha agizo alilokuwa nalo, na simba akamuua njiani. Paulo naye aliwaagiza Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Akili za kuambiwa, changanya na zako.

Na huo mstari wa kumtii Mungu kuliko wanadamu, Petro aliusema mbele ya baraza lililomkataza kulihubiri jina la Yesu. Hakuwa akimjibu mkewe. Huyo huyo Petro alikuwa na mke, na Paulo anataja kwamba alisafiri naye.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Mume ana kanisa lake, mke ana lake, kila mmoja ana baba wa kiroho na kundi lake la maombi la WhatsApp, na kila mmoja "amepewa neno" juu ya mwenzake. Wanalala kitanda kimoja, kuomba pamoja hawajui. Wazee wetu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda hadi Bukoba, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni. Mtu akiguswa na Mungu alirudisha alichoiba, alilipa deni, alimwendea aliyemkosea na kukiri. Majirani walijua kwamba Mungu amesema na mtu kwa sababu mali yao ilirudi.

Kwa hiyo leo hii piga simu kwa kila mwenye kitambaa. Tafuta fundi mwenzako azimalizie hizo sare, malipo yaliyobaki yawe yake, na kama hayatoshi ongeza wewe. Mumeo akirudi safari, mwache aoge ale, kisha mwambie bei ya cherehani kamili, bila kuweka aya za Biblia katikati. Mwombe muombe wote wawili, hata kama ni kwa maneno yake machache ya kanisa la baba yake. Halafu nendeni pamoja kwa mtumishi, mmweleze kwamba cherehani ilikuwa ya familia, iliuzwa bila baba kujua, na mnaomba pesa irudi mnunue nyingine. Msikilize vizuri atakavyojibu, na umwache mumeo naye aulize maswali yake. Nyumba isiguswe.