Mama Mchungaji Anajibu: Nimekuja misheni Ujerumani, mbona imani yangu inapoa?

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 23, Mmoraviani, nyumbani Tukuyu, ila sa hivi niko Ujerumani jimbo la Sachsen, nimekuja kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee ya kanisa. Wakati nakuja usharika mzima walinichangia nauli, wakaniwekea mikono, wakasema naenda kurudisha injili kule ilikotoka. Sasa nina miezi mitano na sijui nitawaambia nini.

Jumapili ya kwanza nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda ibadani, niliwahesabu, watu 18, wote mabibi na mababu, hakuna makofi, hakuna kigelegele, ibada ikaisha wakapeana mikono wakaenda zao. Kazini wenzangu wengi hawaamini kabisa, mmoja kaniuliza, tena kwa upole, kama kweli mimi naamini hayo mambo, nikakosa cha kujibu. Sikukuu ya usharika mchungaji mwenyewe kashika bia! Nikiomba usiku kwa sauti kama nilivyozoea jirani anagonga ukuta. Jumapili napangiwa shifti. Halafu kuna bibi mmoja pale hataki nimguse, anasema mikono yangu michafu, mi natabasamu, nikifika chumbani nalia. Desemba nzima saa kumi jioni giza limeshaingia, na siku hizi nalala bila kuomba Mama, mimi niliyekuwa naongoza maombi ya vijana. Nyumbani nawatumia picha za theluji naandika Mungu ni mwema. Nimepotea? Nirudi?
Binti wa Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana na mimi miaka ya 90 nilikaa mwaka mzima hukohuko Sachsen, na kulia chumbani nakujua.

Naanza na huyo bibi kwa sababu nimeona umemweka katikati ya mambo mengine kama vile ni dogo. Sio dogo. Kesho ukifika kazini mwambie msimamizi wako, na yule mratibu aliyewapokea muandikie pia, useme maneno yaleyale aliyoyasema bibi bila kuyapunguza. Pengine ni ugonjwa wa kusahau unamsemesha, pengine ndo moyo wake ulivyo, vyovyote vile wewe hukutumwa kule kutukanwa ukatabasamu, na usikubali mtu akuambie huo ni msalaba wako ubebe. Nyumba inayojielewa itampangia mtu mwingine au itakaa naye izungumze naye. Mimi nilinyamaza miezi minne, hadi leo najuta.

Giza nalo usilichukulie kuwa dhambi. Kule mwezi wa 12 jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, mwili uliokulia Rungwe haujawahi kuona kitu kama hicho. Toka nje mchana hata kama ni baridi, na ukiona usingizi na huzuni haviachii nenda kwa daktari, una bima, mweleze. Kuna siku unadhani umemuacha Mungu kumbe umechoka tu.

Sasa hilo la kanisa baridi, hapa nataka tukae kidogo. Umeambiwa unarudisha injili ilikotoka. Walikuambia kwa upendo ila wamekutwisha gunia ambalo halina mtu wa kulibeba peke yake, tena na miaka 23. Ndio, mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe, na mizizi yao ni Herrnhut, mji mdogo hukohuko Sachsen, ndo maana wewe ni Mmoraviani leo. Lakini hao wazee 18 uliowahesabu, umeshawauliza wamepita wapi? Sachsen hiyo kuanzia 1949 mpaka 1990 ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambayo serikali yake haikutaka kanisa. Vijana walitakiwa kufanya sherehe ya kiserikali inaitwa Jugendweihe, kuahidi utii kwa dola ya kijamaa, na wengi waliokataa wakachagua kipaimara peke yake walifungiwa njia ya kwenda chuo kikuu. Jirani yangu kule, mama mmoja mtu mzima, alitaka kuwa daktari, akaishia kufua mashuka hospitalini kwa sababu hiyo hiyo. Alinisimulia jikoni huku anamenya viazi, sauti ileile ya siku zote, hata chozi hakuna, na mimi miezi yote nilikuwa nimeshamhukumu kwamba hana moto.

Leipzig nayo, mji wa hukohuko Sachsen, kwenye kanisa la Nikolaikirche walikuwa wanaomba amani kila Jumatatu toka 1982, mwanzoni watu wachache tu kama hao wa kwako, ikafika tarehe 9 Oktoba 1989 wakatoka barabarani watu kama 70,000 na mishumaa mkononi, askari wamejipanga na hawakufyatua risasi. Mwezi mmoja baadae ukuta wa Berlin, ule uliotenga Mashariki na Magharibi, ukafunguka. Kwa hiyo mwanangu wakati mwingine ukikaa kwenye lile benchi, mtazame bibi aliye pembeni yako, umri wake upige hesabu, uone mwaka 1989 alikuwa na miaka mingapi.

Na yule mwenzako aliyekuuliza kama unaamini kweli, hakuwa anakudhihaki, wengi wa rika lake wamekulia nyumba ambazo hata bibi hakuwahi kuomba mezani. Hajawahi kukutana na mtu anayeamini wa umri wake! Usimhubirie, mwambie tu ulivyoanza, siku gani, nani alikushika mkono.

Bia. Kwetu mchungaji akishika bia kesho kuna kikao cha wazee wa kanisa, kule ni kinywaji cha mezani. Soma Warumi 14 taratibu. Wewe usinywe kama dhamiri yako inakataa, sema nein danke, yaani hapana asante, hawatakulazimisha, ila na wewe usiandike nyumbani kwamba mchungaji ni mlevi.

Kuhusu sauti, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kule ni muda wa kimya, wameuwekea hadi kanuni, jirani angegonga hata ungekuwa unasikiliza taarabu. Muombe mchungaji ufunguo wa chumba cha usharika jioni moja kwa wiki, uombe kwa sauti yako yote ulie upige magoti. Mimi nilipewa, nilikuwa naenda Alhamisi, na kuna babu mmoja akaanza kuja kukaa nyuma kimya, haelewi neno hata moja la Kiswahili, kila Alhamisi yupo.

Shifti ya Jumapili nenda. Mathayo 25 imesema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", na wagonjwa hawachagui siku. Ukiwa zamu jaribu kitu kimoja: fungua kitabu chako cha nyimbo, nyingi zina tuni za Kijerumani maana walizileta wao, mwimbie mzee mmoja kwa Kiswahili wakati unamvisha soksi. Nimemuona mzee asiyekumbuka jina la mwanae anaimba beti zote tatu.

Usirudi kwanza. Maliza haya ya msimamizi na daktari halafu uniandikie. Na nyumbani mwandikie mchungaji wako barua ya kweli, sio picha za theluji. Alfajiri ya Pasaka wewe nenda makaburini na matarumbeta, Herrnhut kama si mbali, wanafanya vilevile kama kwetu, wanalisubiri jua. Kule makaburi ni mawe yamelazwa chini, yote sawa, hakuna mkubwa. Utajisikia uko nyumbani kuliko siku zote.

SWALI: Mama, mimi nimechaguliwa kwenda kujitolea Ujerumani mwezi wa tisa, mji wa Wuppertal, nibebe nini? Na ndugu wameshaanza kuagiza simu.
Kijana, Bukoba

JIBU: Hongera mwanangu. Makoti usinunue hapa, utanunua ya mtumba hukohuko na ndo yanafaa kwa baridi yao. Beba Biblia yako ya Kiswahili ya karatasi, kitabu cha nyimbo, vitenge viwili vya zawadi, na kahawa ya kwenu. Ukikaribishwa chakula ukasema hapana kwa adabu kama kwetu, wanaondoa sahani kweli, hawakubembelezi, utalala njaa, kwa hiyo sema ndio mara ya kwanza. Ndugu waite sebuleni kabla hujaondoka, baba yako awepo, uwaambie wazi kwamba huko hulipwi mshahara, unapewa posho ya mfukoni na chakula na pa kulala. Useme kiasi chenyewe wasikie kwa masikio yao.