Safari za Nakuru hadi Kisumu na uchakavu wa injini

Ndugu, umeuliza iwapo kuendesha gari kutoka Nakuru hadi Kisumu na kurudi kila wiki kutaichosha injini mapema kuliko kuzunguka mjini tu. La hasha. Injini huumia zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijasambaa vizuri, na katika safari fupi za kwenda sokoni unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili hiyo. Ndiyo maana ukifungua kifuniko cha kujazia oili, wakati mwingine utaona utando mweupe kama mtindi. Kwenye barabara kuu, injini ikiwa imepata joto lake na inazunguka kwa mwendo mmoja, unyevu huo hugeuka mvuke na kutoka.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa: shuka kwa gia ya chini, wala usikanyage breki muda wote, maana zikipata moto kupita kiasi hazishiki. (Kuweka gia huru ili kubana petroli ni hatari tupu.) Kabla ya kuondoka, pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kwa kuwa tairi lenye upepo haba hupata joto kali kwenye mwendo wa kasi na huweza kupasuka.