UN wanatafuta nini kijijini Naqoura?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binamu yangu ni polisi jeshi wa JWTZ, alipangiwa Lebanon na UN, anasema makao makuu yako Naqoura, kijijini pwani. Kwa nini wasikae Beirut? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Salama ndugu. Binamu hajakudanganya, Naqoura iko kusini kabisa, ukitoka kambini kidogo tu mpaka wa Israeli huo hapo, sasa mlinda amani akakae Beirut alinde nini? Halafu usikidharau hicho kijiji, mkataba wa kusitisha vita wa nchi hizo mbili ulisainiwa hapohapo Ras Naqoura tarehe 23 Machi 1949, na kabla ya hapo, 1942, Waingereza walitoboa mwamba wa rasi wakapitisha reli ya Haifa kwenda Beirut, mahandaki bado yapo ila treni hamna.

UN wenyewe walikuja Machi 1978 Israeli ilipovamia, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 425, UNIFIL, yaani jeshi hilo la UN la kulinda amani Lebanon, ikaundwa, tena ya muda, miezi sita! Wakakaa karibu miaka hamsini, vijana wa kijijini wakapata kazi kambini, maduka yakaota nje ya geti. Hata mkataba wa mpaka wa baharini wa 2022, ule wa mambo ya gesi, kila upande ulisaini kwao kisha hati zikakabidhiwa Naqoura.

Ila Agosti 2025 Baraza limeamua kazi yao iishe 31 Desemba 2026, kisha wana mwaka mmoja wa kufungasha.