Uzoefu sawa, ila uzoefu wa nini?

Kaka, umesema asiyewahi kushika wizara asipewe fomu ya urais. Hapo nakukatalia nusu. James Buchanan wa Marekani alishakuwa mbunge, seneta, balozi Uingereza na waziri wa mambo ya nje kabla ya kuapishwa 1857. Majimbo saba yakajitenga kabla hajaondoka madarakani. Aliyempokea 1861, Lincoln, alikuwa na muhula mmoja tu katika Bunge la nchi, na ndiye anayekumbukwa kwa kuiunganisha tena.

Ila sisi wakulima wa Uyole, Mbeya, tunajua pia kwamba kipaji cha jukwaani hakisafirishi mifuko ya mbolea. Mbolea ya kupandia ikifika Januari, mahindi yameshafika magotini, hapo anatakiwa mtu anayejua faili limekwama mezani kwa nani. (Wapo wanaoijua hiyo meza miaka yote na wamenyamaza, kwa hiyo wasifu mrefu peke yake haunitishi.)

Mimi huwa nauliza hivi: alipokuwa na cheo, aliwahi kumwajibisha nani? Hata kama cheo chenyewe kilikuwa uenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa huko Mbozi. Mwenye jibu la kueleweka nampa kura, awe amepanda V8 la serikali au hajapanda.